Mlio wa Saa Sita

Mwalimu hakuwa akigusa chakula cha mchana kabla simu yake haijalia. Aliweka mezani kontena lake la wali, kifuniko kikiwa bado kimefungwa, na kando yake ile simu ya kukunja iliyokuwa fasheni miaka ile, kisha akakaa kimya, mikono mapajani. Saa sita ikifika simu inalia mara moja na kukatika. Hapo ndipo anapofungua kifuniko, anashika vijiti vyake vya kulia na kuanza kula kama mtu mwingine yeyote mwenye njaa.

Sisi kwetu Morogoro jambo hilo lina jina: kubipu. Unampigia mtu, inalia kidogo, unakata, na ujumbe umeshafika. Kwa hiyo mara ya kwanza nilipoliona nilicheka moyoni, nikasema kumbe Wakorea nao wanabipu. Nilidhani ni mume wake, au rafiki mbahili. Ilinichukua karibu mwaka mzima kujua kwamba aliyekuwa akipiga ni mwanawe wa kiume, mtu mzima, aliyejifungia chumba cha chini cha nyumba yao kule Thornhill, kaskazini mwa Toronto, na kwamba mlio ule ulikuwa na maana moja tu: bado nipo.

Namwita Mwalimu kwa sababu ndivyo Wakorea wenzake walivyomwita, kwa neno la lugha yao lenye heshima ndani yake, hata wazee waliomzidi umri. Darasa hakuwa nalo. Alikuwa muuguzi wa miaka mingi aliyegeuka mtafiti, na chuo kikuu kilimpa kazi ya kutafsiri kwa Kikorea dodoso la Kiingereza linalopima watu wanaelewa nini kuhusu magonjwa ya akili, kisha kuhakikisha kwamba dodoso hilo linapima kweli kile linachodai kupima. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nilikuwa nimefika Toronto na cheti cha uuguzi ambacho wenye nchi walikuwa bado hawajakitambua, pamoja na binti yangu Imani aliyekuwa mdogo, na kazi yoyote yenye kiti na joto niliiona ni neema. Nilitoa nakala, niliingiza majibu kwenye kompyuta, nilibeba maboksi ya makaratasi. Na muda wote huo niliogopa. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu zamani. Simu ikilia alfajiri, kabla sijaipokea nimeshaanza kutafuta kanga ya msibani. Labda ndiyo maana tulielewana.

Dodoso lenyewe lilikuwa na kisa kifupi cha kijana asiye na jina ambaye halali vizuri, ameacha kazi, anasikia sauti wakati hakuna mtu, na hatoki tena chumbani kwake. Baada ya kisa hicho kulikuwa na maswali. Unadhani kijana huyu ana nini? Nani anaweza kumsaidia? Wewe ungemwambia nini? Kisa kile hakukitunga Mwalimu, kilikuja hivyo hivyo kutoka kwenye Kiingereza. Nasema mapema kwa sababu najua mtu atadhani aliandika habari za nyumbani kwake. Hakuandika. Alikikuta, na akalazimika kukisoma kila siku ya kazi.

Kwenye kazi hiyo alikuwa mkali, tena mkali kupita kiasi. Mtu mmoja alitafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kikorea, mwingine ambaye hajawahi kuona ile ya kwanza akarudisha kutoka Kikorea kwenda Kiingereza, kisha Mwalimu akaziweka zote mbili mezani na kutafuta kilichopotea njiani. Kila sentensi aliisoma kwa sauti akiwa amesimama, kana kwamba yuko mimbarini. Sentensi ikimkwama kooni, inarudi jikoni. Siku moja nilimwaga chai kwenye fungu la majibu niliyokuwa nimeshayaingiza, akanitaka nianze upya, fungu zima. Nilinuna. Aliniacha ninune, kisha akaniletea tunda la pea.

Lazima niseme habari ya pea. Kwenye droo yake ya juu palikuwa na kisu kidogo na pea za kwao, zile za mviringo kama tufaha, nzito, zenye maji mengi. Mtu yeyote akiingia ofisini, awe profesa au fundi wa bomba, alimenyewa pea bila kuulizwa kama anataka. Ganda lilitoka utepe mmoja mrefu kutoka juu mpaka chini. Lakini siku ambazo saa sita ilichelewa, ganda lilikatika vipande vipande mikononi mwake, na nilijifunza kutazama lile ganda kabla ya kumtazama usoni.

Kabla dodoso halijapelekwa kwa watu wengi lilijaribiwa kwanza kwa wazee wachache, mmoja mmoja, wakisema kwa sauti kila wanachofikiria wanapojibu. Mimi nilikuwa na kinasa sauti tu, Kikorea sijui, lakini baadaye Mwalimu alinitafsiria. Mzee mmoja, mwenye koti na tai siku ya joto, alisoma habari za yule kijana mpaka mwisho, akavua miwani na kutangaza, "Huyu si mgonjwa. Huyu hajaoa."

Mwalimu aliandika hayo kwa adabu zote, akamshukuru, akamsindikiza mpaka kwenye lifti. Aliporudi alicheka mpaka akajishika ubavu, na mimi nikacheka kwa kuwa yeye anacheka. Ghafla akanyamaza, akaitazama simu.

Wengi wengine walijibu kwa neno moja tu. Ungemwambia nini? Ajikaze. Mama wa duka alisema ajikaze, mchungaji msaidizi akasema ajikaze, na dereva wa teksi naye hivyo hivyo. Neno hilo nalijua vizuri. Kwetu tulimwambia hivyo baba yangu mdogo aliyekuwa na mawazo, tulimwambia kwa upendo kabisa, mpaka akaacha kuzungumza na sisi. Nilipomsimulia Mwalimu alitikisa kichwa polepole. "Duniani kote," akasema, "watu wanampa mgonjwa kazi ya daktari."

Alikuwa na misemo yake mwenyewe ya namna hiyo, mingine alinichosha nayo. Ule alioupenda kuliko yote aliusema mbele ya kila kundi, akiwa ameinua karatasi juu: "Msijibu vizuri. Jibuni kweli." Aliusema kwa Kikorea, lakini niliusikia mara nyingi hivi kwamba naweza kuusema mpaka leo, kwa lafudhi ya Kiluguru.

Sasa nije kwenye duka la dawa.

Nilikuwa nikikaa Scarborough, kwenye ghorofa lenye Wakenya, Wasri Lanka na sisi. Jumamosi moja nilishuka na Imani mgongoni kumnunulia dawa ya kifua, na kwenye foleni mbele yangu nikaliona lile koti la kijivu. Nililijua. Koti hilo Mwalimu alilivaa kuanzia baridi inapoingia mpaka watu wengine wote walipokuwa wameshasahau makoti. Kutoka Thornhill mpaka pale kwa gari ni safari, na njiani unapita maduka ya dawa hata hayahesabiki. Niliangalia chini ili asinione. Akageuka.

"Mama Imani," akasema. Aliniita hivyo tangu alipowasikia Watanzania wenzangu kwenye simu. "Kwako ni karibu hapa?"

"Kwangu ni juu hapo tu. Kwako ndiyo mbali, Mwalimu."

Alitazama mfuko mweupe aliokuwa ameshika kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi. "Mfamasia wa karibu na kwetu ni Mkorea," akasema. "Anaimba kwaya kanisani kwetu."

Tulikwenda kukaa kwenye gari lake pale pale maegeshoni, theluji ikianguka kwenye kioo, Imani amelala nyuma. Akaniambia yote. Mwanawe alikuwa akisoma uhandisi, na siku za Jumapili akipiga piano kanisani. Kisha usingizi ukapotea, kisha zikaja sauti. Mwalimu, muuguzi, aliitambua hali ile mapema, akampeleka kwa daktari, na dawa zikasaidia. Halafu kijana akazikataa, akashuka chumba cha chini, na sasa alizimeza siku anazotaka. Mume wake alifariki zamani. Kanisani watu waliambiwa kijana amehamia Vancouver kusoma zaidi.

"Kila mwaka mpya mchungaji anamwombea mitihani," akasema. "Na mimi naitikia amina."

Nikauliza swali la kipumbavu. "Mbona unaniambia mimi?"

"Kwa sababu maneno yako hayawezi kufika kanisani kwetu."

"Mwalimu, usitudharau. Sisi Watanzania tuna midomo."

"Najua mnayo," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Ila haisemi Kikorea."

Huo ndio ulikuwa mgongano mkubwa ndani yake, na sijawahi kumlaumu, ingawa ulinitisha. Jumapili alisimama kwenye kumbi za makanisa na kueleza kwa sauti safi kwamba akili huugua kama figo inavyougua, kwamba familia zisifiche, ziombe msaada. Jumamosi alivuka jiji kununua dawa mahali ambapo hakuna anayemjua. Aliogopa kwamba siku watu wakijua, watamwangalia yeye kwanza, mwalimu aliyeshindwa kwake, na kijana ataliona hilo machoni mwao na kuzama zaidi. Alikuwa ameamua kumbeba peke yake. Mimi niliogopa kitu kingine: kwamba kuna siku mtu mmoja hatatosha.

Kuanzia hapo saa sita ikawa yangu pia. Ikikaribia naacha kuandika, natazama dirishani kwenye maegesho, nasikiliza. Mlio ukija natoa pumzi. Siku moja ulichelewa mpaka wali ukapoa, na Mwalimu akawa ameshavaa koti lake amesimama mlangoni, funguo mkononi. Simu ikalia. Alikaa chini na koti lake hivyo hivyo, akala wali wote, na mchana kutwa maganda ya pea yalikuwa makombo matupu.

Siku nyingine nilimuuliza kama Wakorea nao humwita mama kwa jina la mtoto wake. Akasema ndiyo, hivyo hivyo, jina la mtoto kisha mama. Alifurahi kwamba tunafanana.

"Na wewe walikuita hivyo?"

"Zamani. Siku hizi ni Mwalimu tu," akasema, akachukua pea nyingine wakati ile ya kwanza haijaliwa. Nikaelewa kwamba walioacha kumwita kwa jina la mwanawe hawakuacha kwa bahati mbaya. Walihisi kwamba linamuuma, wakalikwepa kama unavyokwepa kumgusa mtu kwenye kidonda.

Ikafika hatua ya mwisho ya kazi. Ili kujua kama dodoso ni imara, watu wale wale hulijaza mara mbili, majuma kadhaa yakipita katikati. Kama hakuna kilichobadilika kwao, majibu yao nayo yasibadilike sana. Ni kama mizani: ukipanda asubuhi na kupanda tena jioni, isikupe uzito wa watu wawili. Kundi moja lilitoka kanisani kwa Mwalimu mwenyewe, karibu na makutano ya barabara za Yonge na Finch. Yeye hakulitaka, lakini wakubwa wa mradi walisema watu wale wanamwamini, watarudi mara ya pili. Kweli walirudi.

Mara ya kwanza walijibu kama wengine. Ajikaze, aoe, aombewe, apelekwe jeshini. Mwalimu alikusanya makaratasi, akawakumbusha wasizungumzie maswali yale mpaka watakapokutana tena, tukaondoka.

Mara ya pili tuliingia kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, unaonukia supu na sakafu iliyopigwa deki, na mara moja nikahisi kuna jambo. Walikuwa wamekaa kwa mistari. Kila mmoja alikuja na penseli zake mwenyewe zilizochongwa. Walimaliza mapema mno, wakakaa wima, wakitutazama kwa fahari. Nilianza kuyapitia makaratasi kwa kuwa hata bila Kikorea naweza kuona ni kisanduku gani kimetiwa alama. Kisanduku kile kile. Karatasi baada ya karatasi, kile kile, tena ndicho sahihi. Nilimpa Mwalimu fungu lile haraka, kwa sababu mizani yetu ilikuwa imevunjika mbele ya macho yetu.

Alisoma moja, akasoma nyingine, akauliza kitu. Akasimama mama shemasi, mfupi, nywele za mawimbi, mwenye duka la dobi, na kwa ajili yangu akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kutangaza ushindi: "Tumesoma!"

Walikuwa wamesoma. Dodoso lina majibu sahihi na yasiyo sahihi, na kwa watu wale kitu cha namna hiyo ni mtihani, na hakuna Mkorea wa umri wao anayeingia kwenye mtihani mara ya pili bila kujiandaa. Tena ni mtihani wa Mwalimu wao. Kumletea alama mbovu ni kumwaibisha mbele ya chuo kikuu. Mama shemasi alikuwa amepanga vikundi. Walikutana jioni baada ya kufunga maduka. Waliazima vitabu maktaba, wakamwalika muuguzi mmoja kuwaeleza, wakaulizana maswali mpaka kila mmoja akaweza. Yule mzee wa koti na tai, kumbe naye wa kanisa hilo, alisimama pia, akainama kidogo, na kusema jambo ambalo watu walilicheka kwa upole. Alikuwa amesema, "Nilikosea. Yule kijana kuoa angeoa baadaye."

Nilimtazama Mwalimu nikitegemea hasira. Kazi ya majuma mengi imekwenda na maji, na kosa hata si la uvivu, ni la bidii. Lakini hakuwa akiwatazama tena. Alikuwa akitazama saa ya ukutani. Saa sita ilikuwa imepita. Simu ilikuwa mezani, imefunguka, kimya.

Alipiga yeye. Nilisikia ikilia upande wa pili, ikalia, ikalia, ikakatika. Akapiga tena. Alianza kukusanya vitu vyake vibaya vibaya, makaratasi yakaanguka, akayakanyaga. Aliwaambia watu kuna dharura ndogo nyumbani. Akanipa funguo za gari kwa sababu hakuweza kuzishika. Mdomoni nilikuwa na dua moja tu, usiwe leo, usiwe leo.

Mama shemasi alisimama mbele ya mlango. Akasema maneno machache kwa Kikorea, taratibu. Mwalimu akasimama kama aliyepigwa. Maneno yale nilikuja kuelezwa baadaye, naye Mwalimu aliyarudia bila kukosea hata moja. Mama shemasi alikuwa amemuuliza, "Ni mwanao?" Kisha akaongeza, "Tunajua hayuko Vancouver. Tumejua tangu alipoacha piano. Hatukuwa tukijua mtu anasemaje. Sasa tumesoma."

Mwalimu alilia. Sijui kama niliwahi kumwona akilia kabla au baada ya hapo. Alilia amesimama, bila kujificha, akaitikia kwa kichwa.

Tuliingia kwenye gari mimi, yeye, mama shemasi na mwanamke mwingine aliyekuwa amebeba chungu cha uji wa mchele kutoka jiko la kanisa, amekifunga kwa taulo. Hakuna aliyemwambia abebe. Niliendesha kuelekea kaskazini nikiwa siioni barabara vizuri, kila taa nyekundu naiona ina chuki na mimi. Nyuma mama shemasi alikuwa amemshika Mwalimu mkono, na midomo yake ilikuwa ikitembea. Nilidhani anaomba. Kumbe, alinieleza mwenyewe, alikuwa akijikumbusha: usimkemee, usimwambie ajikaze, muulize moja kwa moja, msikilize, usiondoke.

Nyumba ilikuwa kimya. Ngazi za kushuka zilikuwa na zulia la kahawia, na chini mlango umefungwa kwa ndani. Mwalimu aliita. Hakuna. Aligonga, akaita tena kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani. Nilikuwa nimeshaishika simu ya ukutani niite gari la wagonjwa.

Mama shemasi alimsogeza Mwalimu kando, taratibu, akakaa kwenye ngazi ya mwisho, magoti yakimsumbua, na kuanza kuongea na mlango. Hakupandisha sauti. Alijitaja yeye ni nani, mama wa dobi, aliyekuwa akimpa peremende baada ya piano. Akamwambia hawajaja kumchukua wala kumwombea kwa kelele. Akamuuliza, moja kwa moja kama alivyosoma, kama anafikiria kufa.

Sikuyajua maneno, lakini niliona uso wa Mwalimu alipoyasikia, swali ambalo yeye mwenyewe alilifundisha kwa miaka na hajawahi kuthubutu kulitamka mbele ya mlango ule. Kisha kutoka ndani sauti ya mtu mzima, kavu, kama ya mtu asiyeitumia, ikajibu neno moja.

Alikuwa amejibu ndiyo.

Hakufungua hapo hapo. Mama shemasi hakuondoka. Aliendelea kukaa, akauliza, akanyamaza, akasikiliza maneno machache yaliyotoka kwa kuchelewa. Simu yake kijana alikuwa ameichomoa waya kwa sababu ilikuwa ikimtukana. Uji ulipashwa moto, ukapoa, ukapashwa tena. Alipofungua hatimaye nilimwona: mrefu, ndevu, macho ya mama yake. Alimtazama mama shemasi akasema kitu, na Mwalimu akajiegemeza kwangu. Alikuwa ameuliza kama bado ana zile peremende.

Jioni ile alikwenda hospitali kwa hiari yake, ameketi nyuma ya gari katikati ya wanawake wawili. Alilazwa muda mrefu. Kila siku palikuwa na mtu wa kanisani kwenye kiti cha wageni. Wengine waliongea sana, wengine walileta vyakula ambavyo wauguzi hawakuviruhusu, na yule mzee wa tai alikwenda kukaa tu, kimya, na gazeti lake. Hawakuwa malaika. Mmoja alimwambia ajikaze, na mama shemasi akamtoa nje ya wodi.

Kuhusu kazi, Mwalimu aliandika ukweli wote kwa wakubwa wake: kundi lile halifai, watu wamesoma. Mmoja wa maprofesa alikasirika, akasema ni hasara. Mwalimu alimmenyea pea, utepe mmoja, akamwambia, "Ndiyo. Sisi tulikwenda kupima, wao wakadhani tumekwenda kufundisha." Akatafuta makanisa mengine na kuanza upya, na kila alipoinua karatasi aliongeza sentensi mpya: tafadhali, msisome. Watu walicheka. Yeye hakuwa akitania.

Mimi niliondoka cheti changu kilipotambuliwa, nikaenda kufanya kazi hospitalini. Tulipigiana simu sikukuu, kisha zikapungua, kama ilivyo mji huu, barabara kuu ndefu na kila mtu ana zamu yake. Lakini saa sita haikuniacha. Mpaka leo, popote nilipo, ikifika saa sita nasikiliza kidogo.

Miaka mingi baadaye, Imani akiwa ameshaingia chuo, tulikuwa kwenye duka kubwa moja asubuhi ya baridi kali, saa zile ambazo wazee huja kutembea ndani kwa sababu nje barafu. Nilikuwa nikimwuliza Imani kwa Kiswahili viatu anavyotaka, naye akinijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, nikaliona koti la kijivu. Alikuwa amepungua, ila mwendo ni ule ule. Hatua chache nyuma yake alikuja mwanamume mnene kidogo, mwenye mvi za kwanza, amebeba mkoba wa kike bila haya.

"Mwalimu!"

Alinishika mikono yote miwili. Akamtazama Imani, akasema, "Wewe ulikuwa umelala kwenye gari langu." Kisha akageuka. "Mwanangu huyu," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, na watu wakipita. Mwanamume akainama kidogo kunisalimu.

Tukatembea pamoja. Alistaafu, akasema. Dodoso linatumika. Mwanawe ana siku nzuri na siku mbaya. Mwaka uliopita alilazwa tena, safari hii aliomba mwenyewe. Nilikuwa bado nasikiliza nilipohisi vidole vyake vikinikaza. Nyuma yetu mwanawe alikuwa amesimama mbele ya kioo cha duka, akitazama kitu kisichokuwepo, midomo ikimtembea. Sote tulisimama. Mwalimu hakumwita. Alingoja, pumzi ameishikilia, kama alivyongoja miaka ile mbele ya wali. Ndani ya mkoba aliobeba mwanawe simu ikaanza kulia, ikalia mpaka ikachoka, na Mwalimu wala hakugeuza kichwa kuitafuta. Macho yake yalikuwa kwa mtoto. Baada ya muda mwanamume yule akaacha kioo, akaja.

Vidole vikalegea.

"Mwalimu," nikaanza, sijui nilitaka kusema nini.

"Mwalimu alistaafu," akanikatiza. "Niite kama unavyoitwa wewe."

Jina nililijua, aliniambia zamani, garini, theluji ikianguka. Sikulitamka hapo hapo. Nilimtazama kwanza mwanawe, kwa sababu jina ni lake, na hapa siliandiki kwa sababu hiyo hiyo. Akanitazama kwa muda, akaitikia kwa kichwa.

Nikamwita mama yake kwa jina la mwanawe. Akaitika.